Babu Aliyelala Juu ya Betri

Byarugaba ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, Alexander. Ukimkuta mjini Muleba utaona mzee mrefu, kavaa koti hata juani, mkononi ana fimbo isiyomsaidia kutembea, maana miguu yake ni mizima kuliko yangu. Fimbo ni ya kuonyeshea. Akianza habari za ukoo huinyoosha kuelekea vilimani kana kwamba vilima ni ng'ombe wake wanarudi zizini. Wageni humwita mzee wa historia. Mimi nimempikia, nimemfulia shuka alipougua, na nimefukuzwa naye nyumbani kwangu. Wageni wanajua koti tu.

Nianze na Izimbya, kwa kuwa yeye hapendi mtu aanze na Izimbya.

Huko ndiko alikozaliwa, kwenye kibanja cha baba yao, mzee Buberwa. Kilikuwa kibanja cha kweli: migomba minene hadi jua halifiki chini, kahawa iliyopandwa na watu ambao majina yao yalikuwa yanatajwa kwenye matambiko, na nyuma ya nyumba makaburi ya baba, babu na baba wa babu. Mzee Buberwa alipofariki, ukoo ulimkalisha Byarugaba kwenye kiti cha baba yake akawa musika, yaani mrithi mkuu. Alipewa nyumba, alipewa kibanja, alipewa makaburi ayatunze. Alexander, kwa kuwa alizaliwa nyuma, alipewa kipande cha bondeni ambacho mkungu wake mmoja usingejaza chungu.

Byarugaba alikuwa amesoma hadi kidato cha pili, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kusahau jambo hilo. Mimi darasa nililiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni. Kila nilipofungua mdomo mbele yake alisema, "Shemeji, mambo haya yanahitaji elimu." Nikisema mvua inakuja, inahitaji elimu. Nikisema maharage yameungua, inahitaji elimu.

Basi elimu yake ilimtuma auze kibanja cha Izimbya. Si kipande. Chote, pamoja na wazee waliolala ndani yake. Alimuuzia tajiri mmoja wa mjini, akajinunulia pikapu iliyotembea mwaka mmoja ikafa, mpaka leo kuku wanatagia ndani yake. Yule tajiri hakuwa na shida na makaburi. Alikata migomba, akapanda mikaratusi. Alexander alikwenda kuangalia, aliporudi hakula siku ile wala kesho yake. Mzee Buberwa amelala chini ya mikaratusi ya mtu asiyejua hata jina lake, na aliyempeleka huko ni mtoto wake mwenye elimu.

Sisi wakati huo tulikuwa tumeshahamia Kimwani. Kile kipande cha bondeni kisingetulisha, kwa hiyo Alexander aliomba ardhi kwa serikali ya kijiji, akapewa sehemu ya rweya, yale majani matupu ambayo kila mtu huyapita akienda kwingine. Udongo wa rweya ni mchoyo. Ukipanda mgomba unaota kama mkono wa mtoto mgonjwa. Kibanja hakiokotwi kwenye rweya, kinatengenezwa. Nilibeba samadi kutoka mazizi ya watu kichwani, ikachuruzika mgongoni, na Benigna, binti yangu wa kwanza, akiwa tumboni. Tulikata majani na kuyatandaza. Tulimwaga majivu, maganda ya kahawa, maganda ya ndizi, kila kilichooza. Mwaka huu, mwaka ujao, mwaka wa baada ya huo. Polepole ardhi ikawa nyeusi.

Tukilima tulikuwa tunakutana na mawe ya ajabu, meusi, mazito, yenye mapovu kama uji uliochemka ukagandia hapo hapo. Mengine yalikuwa na alama za majani, kama mtu amebonyeza matete kwenye tope. Jembe likigonga linalia. Palikuwa na mahali pamoja ambapo yalikuwa mengi mno hadi hapalimiki. Alexander akasema, "Tusipoteze nguvu. Tulundike yote hapo hapo." Tukalundika, redio yake ikilia pembeni. Lilipokuwa lundo la kufika magotini, akawa anakaa juu yake jioni na redio yake akisikiliza mpira. Hiyo ndiyo historia ya lile lundo, na sikuhitaji kidato cha pili kuijua.

Alexander alifariki kwa homa ya ini. Alikuwa ameniachia mabinti wawili na hakuna mtoto wa kiume. Byarugaba alifika msibani na koti. Alilia vizuri, sitamnyima hilo, analia kama mtu anayejua kuna watu wanatazama. Siku ya kumaliza matanga, wazee wa ukoo wakiwa wamekaa na lubisi, yaani pombe yetu ya ndizi, alisimama na tawi la mlamula mkononi. Mlamula ni mti tunaoupanda kwenye mipaka na kwenye makaburi, kila Mhaya akiuona anajua hapa hapaguswi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye lile lundo, akachimba kishimo, akauchomeka.

"Wazee wangu," alisema, "mnaona mawe haya? Haya ni kaburi. Hapa amelala baba wa babu yetu, mhunzi wa mfalme. Alikuja Kimwani kutafuta udongo wa chuma, akafia hapa. Ndiyo maana mdogo wangu alivutwa kuja huku. Alidhani anatafuta ardhi, kumbe mizimu inamwita kwao."

Nilisimama kwenye kundi la wanawake. Nilisema, "Shemeji, hayo mawe tumeyalundika mimi na Alexander."

"Mmeyaongezea," alijibu bila kugeuka. "Kaburi lilikuwepo."

"Hapakuwa na kaburi. Palikuwa na rweya."

"Shemeji, mambo haya yanahitaji elimu."

Wazee wakacheka. Mkuu wa ukoo, mzee Rugambwa, alikuwa na kibuyu mkononi na mrija mdomoni, na alipoutoa mrija alisema hivi: "Ukoo una kanuni, mwanangu. Ardhi mtu aliyoitafuta mwenyewe anaweza kumwachia mke, anaweza kumwachia binti. Lakini ardhi yenye kaburi la babu ni ya ukoo. Mwanamke aliyekuja kuolewa hawezi kuishika. Na hasa kaburi la mhunzi, ambapo mwanamke hata kukaribia ni mwiko."

Nawaambia jinsi wazee wale walivyoamini. Waliamini kama mtu anavyoamini nyama ikiwa tayari mezani. Byarugaba alikuwa amewaahidi mashina ya kahawa yangu, kila mmoja mstari wake. Watu waliozaliwa Izimbya, waliocheza wakiwa watoto kwenye makaburi ya Izimbya, walikaa kwenye majani niliyotandaza sakafuni mwa nyumba yangu wakakubali kwamba babu yao alizikwa Kimwani, kwenye lundo nililolibeba kwa karai.

Nilikwenda baraza la ardhi. Wakaniuliza ushahidi. Aliyetugawia ardhi alishafariki, na waliokuwa majirani zetu wa mwanzo walishahama. Byarugaba alikuwa na mlamula ambao sasa ulikuwa umeshika, na nyasi mbichi alizozitandaza juu ya lundo kila mwezi, na wazee wanaosema ndiyo. Mimi nilikuwa na mikono yangu. Mikono haiandikwi kwenye jalada.

Nilihamia Hamugembe, Bukoba, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya migomba ya mtu mwingine. Nikawa napika ndizi na maharage kwa ajili ya vijana wa bodaboda. Kula ndizi za kununua wakati una kibanja chako ni aibu ambayo sikumwelezea mtu. Mabinti walikulia hapo. Byarugaba aliingia nyumbani kwangu Kimwani, akalala kwenye kitanda changu, akaacha kahawa iote magugu, kwa sababu mhunzi wa mfalme halimi. Badala yake akawa anapokea wageni. Aliwasimulia babu akipiga nyundo, babu akipewa ng'ombe na mfalme, babu akisema na moto. Kila mwaka babu alizidi urefu. Wajukuu wa majirani walikuwa wanaletwa kusalimia lundo.

Mtu mwenye akili angetosheka hapo. Lakini sifa ni kama senene, mtu hashibi anapokula, anashiba anapougua.

Wakaja watu wa chuo kikuu, wale wa mambo ya kale. Walikuwa wanazunguka Muleba wakiuliza watu kama wamewahi kuona mawe meusi yenye mapovu. Byarugaba alipata habari akaenda mwenyewe kuwafuata hadi walikolala. Aliwaambia waje kwake wachimbe kaburi la mhunzi, walitangaze, lipate kibao barabarani na nyumba ya makumbusho, na yeye awe mlinzi wake mkuu. Aliweka tangazo kanisani na kwenye redio ya hapa. Alialika ukoo wote, na viongozi wa kijiji, waje washuhudie babu akitolewa na kuheshimiwa. Tangazo hilo nililisikia nikiwa namenya ndizi.

Benigna alisema, "Mama, tusiende. Watatucheka tena."

"Watanicheka nikiwa nimesimama kwenye udongo wangu," nilimwambia. "Vaa viatu."

Tulipofika kibanjani watu walikuwa wamejaa kama sikukuu. Wanaume walikuwa wamezunguka lundo, wanawake wamewekwa mbali, kwenye kahawa, kwa ajili ya ule mwiko. Byarugaba alikuwa amevaa kanzu chini ya koti. Pembeni ya lundo watu wa chuo walikuwa wameshachimba shimo la pembe nne siku zilizotangulia, kuta zake zimenyooka kama zimekatwa na kisu, kamba zimefungwa huku na huku. Na ndani ya shimo hilo, amepiga magoti, kitambaa kichwani, mwiko wa mwashi mkononi, alikuwa mkubwa wao: mwanamke. Nuriat, mtoto wa Bukoba mjini, kwao ni karibu na msikiti, nilikuja kujua baadaye.

Wanawake wa kwenye kahawa walikuwa wameshaliona hilo kabla yangu. Mmoja akaita, "Mzee Byarugaba! Si ulisema mwanamke hakaribii kaburi la mhunzi? Huyo aliye ndani ni nani?"

"Huyo si mwanamke," Byarugaba akajibu. "Huyo ni daktari."

Nilisikia kicheko cha wanawake kikipita kwenye kahawa kama upepo. Nuriat naye aliinua kichwa, akatabasamu kidogo, akarudi kukwangua. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na mwenzake, Haruni, mtaalamu wa mifupa, ambaye polisi humwita pale maiti inapofukuliwa na watu hawajui ni ya nani. Byarugaba alikuwa amefurahi sana kusikia hivyo. Aliwatangazia watu kwamba mtaalamu wa polisi amekuja kuthibitisha babu.

Nuriat alitoka shimoni akauliza, "Kabla hatujainua mawe, nani hapa alilima eneo hili mwanzoni? Nataka kujua lundo lilipangwaje."

"Lilipangwa na waombolezaji wa babu," Byarugaba akasema.

"Lilipangwa na mimi!" nilisema kutoka kwenye kahawa. "Mimi na Alexander. Makubwa chini, madogo juu, ili yasiporomoke."

Watu wakageuka. Byarugaba alinyoosha fimbo. "Shemeji, nani amekualika? Toka! Unamharibia babu siku yake!"

"Njoo, mama," Nuriat akasema. "Njoo ukae hapa karibu."

"Mwiko!" Byarugaba akapiga kelele.

"Mzee, tumeshavunja mwiko tangu Jumatatu," Nuriat alimwambia kwa adabu kabisa. "Mmoja zaidi hatauongezea ubaya."

Nikaenda. Nilikaa kwenye ukingo wa lile shimo, ndipo nikaona ukuta wake. Sitasahau. Chini kabisa udongo ulikuwa mwekundu kama tofali. Juu yake ukafuata ule wa rweya, wa rangi ya majivu, mkavu, mchoyo kama ninavyoujua. Na juu kabisa, kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia, utepe mweusi, unene wa kiganja changu. Mstari ulionyooka, hauna mchanganyiko. Nilijua ninachokitazama hata kabla ya kuambiwa. Ile samadi iliyokuwa inachuruzika mgongoni mwangu ilikuwa imelala pale.

Mzee Rugambwa alisogea, naye akachungulia. "Huu mweusi ni nini, binti?"

"Ni udongo wa kibanja, mzee. Samadi, majani, majivu."

"Ni wa zamani?"

"Si wa zamani. Vibanja vya kale tumevipima kwingine, weusi wake unafika hadi kiunoni kwa mtu aliyesimama shimoni. Huu ni mpya. Umewekwa na watu ambao wengine bado wako hai. Chini yake ni rweya tupu. Hapa hapakuwa na mgomba kabla yake."

Mzee Rugambwa alinitazama mara moja, akatazama pembeni. Kama kuna mzee mwoga kuliko yeye Kagera nzima, sijakutana naye.

"Udongo udongo!" Byarugaba akasema. "Watu wamekuja kumwona babu. Inueni mawe!"

Wakainua. Waliinua taratibu mno, jiwe moja moja, wakipiga picha, wakipuliza, wakipiga burashi, hadi watu wakaanza kusinzia. Makubwa yalikuwa chini, kama nilivyosema. Walipotoa la mwisho, Haruni alishuka kwa magoti, akakwangua kidogo, akasimama. Alikuwa ameshika kitu kwenye kiganja. Kilikuwa kimeoza ganda, kimetoa unga mweupe pembeni, lakini kila mtu wa pale alikitambua kwa kuwa kila mtu ameshakitupa shambani kwake.

Betri ya redio. Betri kubwa, zile nene za zamani.

Byarugaba akasema, "Panya. Panya ameiingiza."

"Panya aliyekuwa anasikiliza mpira?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo msibani wala harusini. Wazee walishika mbavu. Wanawake walitoka kwenye kahawa wakaja mpaka kwenye kamba, na hakuna aliyewazuia. Benigna alikuwa ananivuta mkono, "Mama, ni ya baba. Mama, ni ya baba." Ndiyo, ilikuwa ya baba yake. Mimi sikucheka. Byarugaba naye hakucheka, alikuwa anafuta jasho kwa pembe ya kanzu.

"Chimbeni chini zaidi!" akasema. "Babu yuko chini."

Wakachimba chini. Haruni alieleza huku akichimba, kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kueleza wafiwa. Alisema udongo ukishafukuliwa haurudi kama ulivyokuwa. Hata baada ya miaka mingi sana, shimo la kaburi huonekana, rangi zimechanganyika, mwekundu umekuja juu, mweusi umeshuka chini. Mifupa inaweza kuoza ikaisha, lakini shimo haliozi. "Hapa hakuna aliyewahi kuchimba kaburi," alisema. "Si kwamba mtu ameoza. Mtu hakuwepo."

Kilichokuwepo ni kingine. Lilitokea duara la udongo uliochomwa ukawa mgumu kama chungu, na ndani yake yale mawe meusi yamejazana, yana alama za matete. Nuriat alisahau watu wote. Alilala kifudifudi kama mtoto anayechungulia sisimizi. Alisema ni tanuri la kuyeyushia chuma, na mawe yetu ni mavi ya chuma, uchafu unaobaki chuma kikishatoka. Watu wa kale walijaza matete shimoni, wakaweka juu yake makaa na udongo wa chuma, wakapuliza kwa mivukuto, na uchafu ukachuruzika juu ya matete ukaganda na sura yake.

Byarugaba akapata uhai. "Mnaona! Chuma! Si nilisema mhunzi? Ni babu!"

"Mzee, ukoo wenu mnasema ulifika lini katika nchi hii?" Nuriat akauliza.

Byarugaba akataja wafalme, mmoja baada ya mwingine, fimbo juu.

"Basi hawa si ninyi," Nuriat alisema. "Tutayapeleka makaa yakapimwe, lakini matanuri ya namna hii tumeshayapima jirani. Hawa waliondoka kabla mfalme wa kwanza mnayemtaja hajazaliwa, na kabla ya baba wa baba yake. Walikuta msitu hapa. Waliukata wakatengeneza makaa. Rweya hii mnayoiona, sehemu yake ni wao walioiacha."

"Waliitwaje?" nilimuuliza.

"Hatujui, mama. Majina hayabaki kwenye udongo. Kazi inabaki."

Jibu hilo nimelifikiria mara nyingi. Watu walikata msitu mzima, walijua kufanya jiwe litiririke, na hawakuacha hata jina. Na huyu wetu, ambaye hajawahi kufua hata msumari, anataka kibao barabarani. Tena wakati wote ule tuliambiwa mimi ni wa kuja, niliyeletwa kwa ndoa, na wao ni wenyewe. Kumbe wenyewe nao walikuja, wakakuta majani ya watu wengine. Tofauti yangu na wao ni kwamba mimi nilipofika nilibeba samadi.

Nilimwambia Nuriat, "Basi mwambie mzee Rugambwa kwamba kibanja ni changu."

Akasema, "Mama, mimi siamui ardhi ni ya nani. Mimi nasema umri wa udongo."

Nilimdharau kidogo kwa hilo, hata leo. Ametumia siku nzima na pua kwenye jasho langu, akaliona, akalipima, kisha akaogopa kulitaja kwa jina. Wenye elimu wana namna yao ya kunawa mikono. Lakini nilimwambia, "Haya. Sema umri. Sema kwa sauti." Akasema kwa sauti, mbele ya wote: udongo mweusi ni wa juzi, chini yake ni rweya, na kaburi hakuna.

Mzee Rugambwa alikuwa amebanwa. Kanuni aliitaja yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mrija ukiwa mkononi: ardhi mtu aliyoitafuta mwenyewe anaweza kumwachia mke. Alikohoa. "Byarugaba," alisema, "makaburi yetu yako wapi?"

"Waitu, mzee wetu, hilo ni jambo la ndani ya ukoo—"

"Ukoo ndio unakuuliza. Baba yako Buberwa amelala wapi?"

Byarugaba alitazama fimbo yake.

"Izimbya," akasema.

"Na nani anakaa Izimbya?"

Jibu halikuhitajika, kila mtu pale alikuwa ameshaiona ile mikaratusi akipita barabarani. Kulikuwa na wazee waliotikisa kichwa kwa huzuni kubwa, wale wale waliokuwa wameshachuma kahawa yangu. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mimi toka mwanzo nilikuwa na shaka, bojo, ndugu yangu." Alikuwa na shaka, na mstari wake wa kahawa alikuwa nao.

Nilirudi baraza la ardhi, safari hii na mzee Rugambwa mbele yangu. Alikwenda kwa sababu alikuwa anaogopa kuchekwa kuliko anavyoniogopa mimi au Mungu. Nilipewa kibanja. Hakuna aliyeniomba radhi na sikungoja. Nilikuta nyumba inavuja, migomba imebanana, kahawa imekuwa kichaka. Mimi na Benigna tulianza kupunguza machipukizi siku ile ile. Shimo watu wa chuo walilifukia vizuri, wakaomba tupaache bila kupalima. Nikawaruhusu. Pale hapalimiki hata hivyo.

Byarugaba sasa anakaa Muleba kwa mkwe wake, mume wa binti yake. Kwetu mwanamume anayelala nyumba ya mkwe wake hutembea akiangalia chini. Yeye anatembea akiangalia juu, ndiyo maana nilisema wageni humwita mzee wa historia. Mkwe anamvumilia. Watoto wa mkwe wanasikia habari za babu mhunzi, ambaye siku hizi, nasikia, alizikwa mahali pa siri.

Majuzi nilikuwa sokoni Muleba nauza ndizi zangu. Akaja akasimama mbele ya mikungu. Alishika mmoja, akaupima kwa mkono kama mtu mwenye nyumba ya kuupikia.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "zimestawi."

"Zimestawi."

"Nimekuwa nikifikiri. Unajua wale watoto wa chuo walichimba mahali pamoja tu. Mtu anaweza kukosea mahali. Labda babu yuko mbele kidogo, kule kwenye kahawa. Ukiniruhusu nije nitazame. Si kwa ubaya. Ni ili watu wasiendelee kusema maneno."

Akina mama wa pembeni waliacha kupanga nyanya zao. Walikuwa wananitazama wote.

"Chimba kwako, shemeji," nilimwambia.

Mkono wake ulikuwa bado juu ya mkungu wangu. Kisha mteja akaja, nikamwomba shemeji anipishe.